Besi, Mia Tatu

Stima ilipotea Luthuli saa nane na dakika kumi.
Kila duka likakohoa mara moja, likanyamaza,
na hapo ndipo tuliposikiana.

Maana mchana kutwa mtaa huu husema kwa spika:
mkabala wangu rumba, kushoto injili,
orofa ya pili vijana wa kompyuta
na midundo yao ya kutikisa meno.
Mimi niko katikati, bisibisi mdomoni,
nachomea risasi waya mwembamba kuliko unywele.

Kitonga ndiye aliyeanza, kama ada yake.
Bendi ni za benga, akasema, mengine ni makelele ya harusi.
"Nionyesheni mpiga solo
anayekimbia kama yule wa Lwanda Sita
na vidole visigongane njiani."
Gathogo akacheka hadi chai ikamwagikia kaunta.
Kukimbia si kufika.
Sikiliza rumba: magitaa matatu yanapishana mlango mmoja
na hakuna linalomkanyaga mwenzake.
"Hao wako wanafukuzwa na nani?"

Nafula wa duka la nyaya akaingia bila hodi,
akauliza kama kuna mmoja wetu aliyewahi kupuliza tarumbeta
akitembea, Jogoo Road, jua la saa sita,
tumbo tupu la mfungo,
asikose noti.
Bendi ya kanisa lao kule Maringo: hiyo ndiyo bendi.

Kijana wa juu naye akashuka,
akatuletea kundi la roki la Buruburu.
Mpiga ngoma wao, eti, ana mikono minne.
"Minne," alisema Gathogo, "na haina saa hata moja."

Mimi sikuchangia.
Mimi huzijua bendi kwa vinavyopasuka.
Benga hunichomea twita.
Injili hutoboa koni, maana mchungaji hula maikrofoni.
Rumba huniletea spika nzima, isiyo na kosa,
ila wanataka ilie kama mwaka ule walioinunua.
Roki huleta majivu.

Na kwenye benchi, karibu na mlango, alikaa Ambundo,
amplifaya yake imelala mezani pangu kifua wazi.
Kofia ya sufu. Magoti ya mtu asiye na haraka.
Aliyasikia yote.

Nilijua nisichotaka kusema:
solo ile ya Lwanda Sita, anayeibeba chini ni yeye.
Rumba ambayo Gathogo huiimba akifunga duka, besi ni yeye,
aliingia studio siku moja kwa nauli na sahani ya matumbo.
Kanda ya Krismasi ya akina Nafula, mpiga tuba alipougua,
ni yeye, nyuma ya pazia, kwa vile hakuwa ameokoka.
Wale wa roki sina hakika.

Wakamgeukia. Kimya humsumbua mbishi.
"Mzee, wewe wasemaje? Wakali ni nani?"
Alifikiri. Kidole cha shahada kikagonga goti,
mara nne, halafu nne tena.
"Kulikuwa na jamaa, akipiga rithimu Kaloleni.
Hata hakuwa mzuri.
Lakini ukikosea, alikosea na wewe."

Wakangoja zaidi. Hakukuwa na zaidi.
Kitonga akasema hilo si jibu,
na Gathogo, kwa mara ya kwanza mwaka huu, akamuunga mkono.

Stima ikarudi. Mtaa ukaanza wote kwa pamoja,
kila mlango na wimbo wake,
na ubishi ukapandisha sauti usimezwe.
Nikafunika amplifaya: skrubu tano, ya sita haikupatikana.
Ambundo akapapasa mifuko, akanitazama.
Ijumaa, akasema. Ijumaa, nikasema.
Akaipakata, akapenya kati ya mikokoteni,
hatua zake zikiangukia pale
ambapo nyimbo zote tatu zilikutana kwa bahati,
au labda ni masikio yangu.

Nikafungua daftari la madeni.
Jina sikuandika.
Besi, mia tatu.